Soketi ya 2017, Prosesa ya 2022

Machi 2017 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za kwanza za Ryzen. Mwezi uliofuata ikaja Ryzen 5 1600, yenye viini 6 na nyuzi 12, kwa dola 219 za Marekani. Wengi waliinunua, na wengi wao leo wanalalamika. Gemu mpya zinakwama, video ya harusi inatoka baada ya saa nyingi, na Windows 11 haimo kabisa katika hesabu, kwa sababu orodha ya Microsoft ya prosesa za AMD za mezani inaanzia mfululizo wa 2000. Kwa desturi ya biashara ya kompyuta, mtu wa namna hiyo angeambiwa anunue ubao mama mpya, RAM mpya na prosesa mpya, na mashine aliyonayo ampe mtoto aichezee.

Lakini mtu huyu ana njia nyingine. Aprili 2022, miaka mitano baadaye, AMD hiyohiyo ilitoa Ryzen 5 5600 kwa dola 199, na chipu hiyo inaingia kwenye soketi ileile ya AM4 iliyobeba 1600. Feni ileile, RAM ileile ya DDR4, kasha lilelile. Hapo ndipo linapozaliwa swali linaloulizwa sana kwenye kaunta za mafundi: hizi prosesa za bei nafuu za vizazi vya mwisho, zinazotolewa wakati soketi yake inaelekea kuzeeka, zinalipa?

Zinamlipa aliye na ubao tayari. Asiye na ubao, mara nyingi hazimlipi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo ikisemwa hivyo, lakini ndiyo inayoamua kila kitu, na ndiyo ambayo matangazo ya madukani hayaigusi.

Historia yenyewe ya AM4 inafaa kusimuliwa, maana haikutokea kwa wema mtupu wa kampuni. Mwaka 2017 AMD iliahidi kuitumia soketi hiyo hadi 2020. Mei 2020 ikatangaza kwamba prosesa zake zilizokuwa zikija, zenye usanifu wa Zen 3, zisingefanya kazi kwenye mbao za B450 na X470, ambazo watu walikuwa wamezinunua mwaka uliotangulia tu. Wateja wakapiga kelele kweli kweli, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikabadili kauli. Mbao za kwanza kabisa, za A320, B350 na X370, zikasubiri zaidi: ruhusa rasmi ya kupokea Zen 3 ilikuja mwaka 2022. Sababu iliyokuwa ikitajwa haikuwa ya uongo mtupu. Mbao nyingi za zamani zina chipu ya BIOS ya megabaiti 16 tu, na maelezo ya prosesa za vizazi vyote hayakutosha humo. Baadhi ya watengenezaji walilazimika kufuta prosesa za zamani kwenye orodha ili mpya zipate nafasi. MSI, kwa upande wake, ilitoa mbao mpya za B450 zilizopewa jina la Max, zikiwa na BIOS ya megabaiti 32, ili kuondoa adha hiyo.

Sasa, faida yake ni kiasi gani? Kwa jicho la haraka, 1600 na 5600 zinafanana: viini 6, nyuzi 12, na matumizi ya umeme yaliyoandikwa wati 65 kwa zote mbili. Ndiyo maana muuzaji mvivu anaweza kumwambia mteja kwamba hakuna jipya. Jipya limo ndani ya kila kiini. AMD ilisema Zen+ ya 2018 ilifanya kazi asilimia 3 zaidi kwa kila pigo la saa, Zen 2 ya 2019 asilimia 15 juu ya hapo, na Zen 3 ya 2020 asilimia 19 nyingine. Zikizidishwa, zinafika kama asilimia 40. Kisha kuna kasi ya saa yenyewe: 1600 inafika gigahezi 3.6, na 5600 inafika 4.4. Kwa hesabu ya karatasi, kiini kimoja cha chipu mpya kinakaribia mara 1.7 ya kile cha zamani. Hizo ni takwimu za mwenye mali na zipokewe kwa tahadhari, lakini hata zikipunguzwa, kinachobaki kinaonekana kwa macho.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za gigahezi haziligusi. Katika 1600, viini vimegawanywa makundi mawili ya vitatu vitatu, kila kundi na kashe yake, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ya megabaiti 8. Kiini cha kundi moja kikitaka taarifa iliyoko kwa kundi la pili, inabidi taarifa hiyo ivuke njia ndefu, na kuvuka huko kunakula muda. Zen 3 iliondoa ukuta huo. Katika 5600, viini vyote 6 vinachota kutoka kashe moja ya megabaiti 32. Kwa gemu, ambazo hurukaruka kwenye kumbukumbu bila mpangilio unaotabirika, mabadiliko haya yana uzito kuliko kasi ya saa. Mchezaji anaweza asione wastani wa picha kwa sekunde ukipanda sana, hasa kama kadi yake ya michoro ni ya wastani, lakini ile mikwamo midogo ya ghafla, gari linapokata kona au adui anapojitokeza, hupungua.

Hapo tumeona upande mzuri. Upande wa pili ni majina, na hapa mnunuzi anahitaji macho manne.

Mwezi huohuo wa Aprili 2022, pamoja na 5600, AMD ilitoa Ryzen 5 5500 kwa dola 159 na Ryzen 5 4500 kwa dola 129. Zote tatu ni Ryzen 5, zote zina viini 6 na nyuzi 12, zote zinakaa kwenye maboksi yanayofanana. Lakini 4500 ni Zen 2 yenye kashe ya megabaiti 8 tu, yaani nusu ya ile iliyokuwamo kwenye 1600 ya mwaka 2017. Mtu mwenye 1600 akiinunua kwa sababu imetoka 2022, atakuwa amelipia mwaka wa kuzaliwa. 5500 ni Zen 3 ya kweli, ila imetokana na chipu iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya kompyuta za mapajani. Kashe yake ni megabaiti 16, na njia zake za PCI Express zimeishia toleo la 3 wakati 5600 ina toleo la 4.

Toleo la 3 au la 4 linaweza kuonekana kama jambo la maprofesa, mpaka likutane na kadi kama Radeon RX 6500 XT ya Januari 2022. Kadi hiyo ya bei ya chini ina gigabaiti 4 za kumbukumbu na njia 4 tu za PCI Express badala ya 16 au 8. Ikiwa kwenye toleo la 4, inapumua. Ikiwekwa kwenye toleo la 3, njia zake zinakuwa nusu ya upana, na kumbukumbu yake ndogo ikijaa, gemu linaanza kukwama. Kwa hiyo mtu mwenye bajeti ndogo anaweza kuchukua prosesa ya bei nafuu na kadi ya bei nafuu, kila moja nzuri peke yake, zikaharibiana. Ubao nao una neno katika hili, kwani mbao za A320, B350 na B450 zenyewe zinaishia toleo la 3 hata zikipewa 5600. Kwenye mbao hizo, pengo kati ya 5500 na 5600 linabaki kwenye kashe zaidi.

Mkanganyiko haukuishia hapo. Januari 2024 ikaja Ryzen 7 5700 bila herufi ya X, yenye kashe ya megabaiti 16, huku Ryzen 7 5700X ya 2022 ikiwa na 32. Herufi moja, nusu ya kashe. Ajabu ni kwamba siku hizohizo AMD ilitoa pia 5700X3D kwa dola 249, chipu yenye kashe ya megabaiti 96 iliyopangwa kwa ghorofa, ambayo kwa mchezaji wa gemu mwenye ubao wa AM4 pengine ndiyo ilikuwa ofa bora kuliko zote za miaka hiyo. Kwa mtu wa kuhariri video tu, megabaiti hizo nyingi hazimpi cha maana, na 5700X ya kawaida, yenye viini 8, ingemtosha.

Intel nayo haina haki ya kucheka. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ilikuwa prosesa nzuri sana kwa bei yake: viini 4, nyuzi 8, kasi hadi gigahezi 4.3. Mwaka 2023 ikaja i3-13100, viini 4, nyuzi 8, gigahezi 4.5. Mwaka 2024 ikaja i3-14100, viini 4, nyuzi 8, gigahezi 4.7. Ni mwili uleule uliobadilishiwa kanzu mara mbili. Aliye na 12100 akinunua 14100 ametupa pesa. Anayeanza upya achukue yoyote iliyo rahisi zaidi dukani siku hiyo, wala asikubali kuongezewa bei kwa ajili ya namba ya kwanza. Mwenye 12100 anayetaka mabadiliko ya kweli kwenye ubao wake atazame i5-12400, yenye viini 6, au i5-13400, yenye viini 10, ambavyo 6 ni vikubwa na 4 ni vidogo.

Walau soketi ya prosesa hizo za Intel ilidumu vizazi vitatu. Waliokuwa wateja wa kampuni hiyo mwaka 2017 wanakumbuka mambo mengine. Januari mwaka huo ilitoka Pentium G4560 kwa dola 64 tu, viini 2 na nyuzi 4, ikifanya kazi karibu sawa na Core i3 iliyouzwa kwa bei ya juu zaidi. Wajenzi wa kompyuta za bei ya chini waliishangilia, na walikuwa na haki. Hesabu yao ilikuwa kwamba pesa ikipatikana, ubao uleule utapokea kitu kikubwa zaidi. Oktoba mwaka uleule Intel ikatoa kizazi cha 8, kwenye soketi yenye pini 1151 kama ile ya awali, ila isiyokubali mbao za awali. Kampuni ilieleza kwamba mgawanyo wa umeme kwenye pini umebadilika. Wapo wajuzi waliochezea BIOS na kuonyesha kwamba ukuta huo ulikuwa na matundu, lakini mtu wa kawaida hakuwa na la kufanya.

Ngazi ya mwisho ya mwenye G4560 ikabaki kuwa Core i7-7700, yenye viini 4 na nyuzi 8. Mei 2020 Intel ikatoa i3-10100 kwa dola 122, viini 4, nyuzi 8, kasi inayolingana na ya i7 hiyo au kuipita kidogo. Kilichokuwa kilele mwaka 2017 kikawa mlango wa kuingilia miaka mitatu baadaye. Hata hivyo i7-7700 ya mtumba haikuporomoka bei kama mtu angetarajia. Sababu ni kwamba kila mwenye ubao wa aina hiyo anaitafuta chipu ileile, kwa kuwa hana nyingine ya kwenda. Chipu za juu kabisa za soketi iliyokufa hubeba kodi ya aina hiyo, na Windows 11 haiitambui i7-7700 rasmi, kwani kwa Intel orodha inaanzia kizazi cha 8. Mwenye G4560 leo ni afadhali aiache ipumzike na akusanye pesa za mashine nyingine.

Jambo hili linagusa moja kwa moja Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na miji mingine ya Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za mezani katika shule, stesheneri na ofisi ndogo ni zile zilizotumika ofisini ng'ambo kisha zikaletwa kwa kontena: Dell OptiPlex 9020, HP EliteDesk 800 G1 na ndugu zao wa kizazi cha 4 cha Intel. Nyingi huja na i3-4130 au i5-4570, na fundi mzuri anaweza kuzipandisha hadi i7-4770 kwa kutumia chipu iliyotolewa kwenye mashine nyingine. Kuna mahali inafaa, kwa mfano stesheneri inayotengeneza mabango na picha siku nzima. Lakini mwenye mashine ajue anachonunua ni muda. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna prosesa ya kizazi cha 4 itakayokubaliwa rasmi na Windows 11, iwe i3 au i7. Njia inayobaki kwa kompyuta hizo ni Linux, ambayo kwa kazi za kuandika na kuvinjari mtandao inaziendesha vizuri. Na anayefikiria kuhamishia ubao mwingine ndani ya kasha hilo atakutana na plagi ya umeme: OptiPlex 9020 haitumii ile ya kawaida ya pini 24.

Mafundi wa mashine hizo wanajua pia kwamba asilimia kubwa ya malalamiko ya "kompyuta nzito" hayahusu prosesa hata kidogo. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka na RAM ya gigabaiti 4 itabaki nzito hata ikipewa prosesa ya mfalme. Gene Amdahl, mhandisi aliyewahi kufanya kazi IBM, aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1967: ukiongeza kasi ya sehemu moja ya kazi, faida yote inawekewa mpaka na sehemu ambayo hukuigusa. Kama mashine inatumia muda wake mwingi kusubiri diski, kuharakisha prosesa ni kuharakisha kusubiri. Kwa hiyo SSD kwanza. RAM baadaye, na iwe vipande viwili vinavyolingana, ili ubao uvisome sambamba. Prosesa inakuja ya tatu, isipokuwa kwa mtu aliyekwisha kupima na kuona viini vyake vyote vimejaa wakati kadi ya michoro inakaa bure.

Aliyefika kwenye hatua hiyo ya tatu, na ana ubao wa AM4, ana kazi kidogo kabla ya kutoa pesa. Aingie kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao wake, si ya mtengenezaji wa prosesa, atafute orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na asome toleo la BIOS lililoandikwa pembeni. Toleo hilo liwekwe wakati prosesa ya zamani bado imo ndani. Wengi wanafanya kinyume: wanachomoa ya zamani, wanaweka mpya, wanabonyeza, skrini nyeusi. Mwaka 2018 tatizo hili liliwakumba wanunuzi wengi kiasi kwamba AMD ilikuwa ikiwaazima prosesa ndogo ya kuwashia tu, ili wasasishe BIOS kisha wairudishe. Huku kwetu kuna kiungo kingine cha kuongeza, nacho ni umeme. Ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, ubao unaweza kufa papo hapo, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe kwenye UPS yenye betri nzima, na si jioni ya mvua.

Kuna mtego mwingine unaowaumiza hasa wanaobana matumizi. Ryzen 5 5500 na 5600 hazina uwezo wa michoro ndani yake, na vivyo hivyo prosesa zote za Intel zenye herufi F mwishoni. Asiye na kadi ya michoro atapata mashine inayowaka vizuri, feni inazunguka, taa zinang'aa, na skrini haionyeshi chochote. Kwake yeye zipo 5600G au 5600GT, zenye michoro ndani, na kashe pungufu ya megabaiti 16.

Kwa anayejenga kutoka sifuri, mahesabu yalikuwa wazi tangu soketi mpya ya AM5 ilipotoka Septemba 2022 na bei za mbao zake zilipoanza kushuka: anunue AM5, maana AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi, na AM4 inabaki ya wale waliomo tayari. Kisha miezi ya mwisho ya 2025 ikavuruga meza. Viwanda vya Samsung, SK Hynix na Micron vilielekeza nguvu kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili mnemba, na bei za RAM za watu wa kawaida zikapaa. Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake iliyokuwa ikiuzia wateja wa rejareja. AM5 haipokei kitu kingine isipokuwa DDR5. DDR4 nayo ilipanda, ila mwenye gigabaiti 16 za DDR4 ndani ya kasha lake haendi sokoni kuzitafuta, na kwa mtu huyo chipu ya Zen 3 imekuwa na maana kuliko ilivyokuwa siku ilipotangazwa.

Siku ya kubadilisha yenyewe, kompyuta iwashwe kwanza kwa dakika kadhaa ili pesti iliyoko chini ya feni ilainike, kisha izimwe na plagi ichomolewe ukutani. Feni izungushwe taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinuliwa, kwani kwenye AM4 ikivutwa kwa nguvu hutoka na prosesa ikiwa imeng'ang'ania chini yake, na hapo baadhi ya pini zake 1331 zinaweza kujikunja. Chipu ya zamani ipate boksi la plastiki la ile mpya. Ryzen 5 1600 iliyonyooka pini zake bado ina mnunuzi, na pesa itakayopatikana inafaa iongezwe kwenye SSD kama mashine bado haina.